“Run” ina maana 645? Wafasiri na walimu wa Kiingereza, tujadili

#1 Mchapa Tafsiri

Wakuu, salaam.

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo la majuzuu 20 la mwaka 1989, iliipa “set” maana zaidi ya 430. Kidahizo hicho kimoja (neno pamoja na maelezo yake yote) kina maneno kama 60,000, yaani kitabu kizima ndani ya kamusi. Kwenye tafsiri neno refu halisumbui. “Photosynthesis” ukishajua ni usanisinuru, popote litakapojitokeza ni usanisinuru. Wanaotutoa jasho ni hawa wafupi: set, run, get, take, put, break, charge.

Tazameni “run” tu:

He ran home: alikimbilia nyumbani.
She runs a shop: anaendesha duka.
He is running for governor: anagombea ugavana.
The colours ran: rangi zilichuja.
Run a bath: fungulia maji ya kuoga.
We ran out of salt: chumvi imetuishia.
My nose is running: makamasi yananitoka.
A run on the bank: wateja kumiminika benki kwa pamoja kutoa fedha zao.

Neno moja kwao, vitenzi vinane kwetu, na hakuna hata viwili vilivyo ndugu. Maswali yangu ni mawili. Kiingereza kilifikaje hapa? Na mfasiri ajikinge vipi asibebe maana isiyo yake?

#2 Kalamu Nyeusi

Mleta mada, takwimu za “set” ni sahihi kwa toleo la 1989, ila rekodi imeshahama. Oxford walipoanza kuisahihisha kamusi upya walianzia herufi M. Mwaka 2000 “make” ikawa kidahizo kirefu kuliko vyote, 2007 ikawa “put”, na 2011 “run” ikazipita zote: maana 645 kwa kitenzi peke yake. Mwanakamusi Peter Gilliver alikaa nayo miezi tisa.

“Set” ilikuwa bado haijasahihishwa, kwa hiyo “run” ilishindana na “set” ya toleo la zamani. Hayo si mashindano ya haki.

#3 Binti Makunduchi

Kabla ya kuhesabu tutenganishe mambo mawili. Kuna polisemia: neno moja lililopanuka maana. Na kuna homonimia: maneno mawili yaliyokutana njiani yakavaa sauti moja. “Set” ya kuweka ni settan ya Kiingereza cha kale. “Set” ya seti ya sufuria imepitia Kifaransa cha kale, sette, kutoka secta ya Kilatini, mzizi uleule uliozaa “sect”, kundi la kidini. Sauti zilipofanana wasemaji wakazichanganya, na leo hata mwenye lugha hawezi kukuonyesha mpaka ulipo.

Kwetu ni paa la nyumba, paa wa porini, na kupaa magamba ya samaki. Hakuna anayedai kwamba swala kazaliwa na bati. Kamusi zetu hutenga vidahizo vya namna hiyo kwa namba, na ndani ya kila kimoja ndipo maana zake hupangwa. Ukihesabu bila kutenga, utapata namba kubwa isiyokufundisha kitu.

#4 Mwalimu Trans Nzoia

Nyongeza kwa wanafunzi wanaosoma uzi huu. Huku Kenya maneno ya namna hiyo shuleni huitwa vitawe: kaa, paa, panda, chungu. Msiyachanganye na vitate, ambayo ni maneno yanayokaribiana kimatamshi, kama bata na pata. Kwenye mtihani watu hupoteza alama papo hapo.

#5 Nahodha wa Tanga

Binti kasema vizuri. Mfano mwepesi wa homonimia ni “bank”. Benki ya fedha na ukingo wa mto, wapi na wapi! Maneno mawili kabisa.

#6 Kalamu Nyeusi

Nahodha, umechagua mfano unaokugeuka. Ukingo wa mto umetoka upande wa lugha za Skandinavia. Benki ya fedha imetoka Kiitaliano, banca, yaani meza ya mvunja fedha, ikapitia Kifaransa. Lakini Waitaliano nao waliipata banca kwa watu wa Kijerumani cha zamani, mzizi uleule wa kilima kirefu au rafu ya kukalia. Walipotezana, wakakutana tena Uingereza baada ya karne nyingi. “Bench” naye ni wa ukoo huohuo. Kwa hiyo mtu anayesema kwa Kiingereza kwamba amekaa kwenye benchi, nje ya benki, ukingoni mwa mto, ametamka neno moja mara tatu bila kujua.

Sasa Binti atuambie: hiyo ni homonimia au polisemia?

#7 Nahodha wa Tanga

Nimekubali, mkuu. Ila kwa mfasiri haibadilishi kitu. Mchanga uliojikusanya baharini, ambao nao ni “bank”, utabaki fungu, na rubani anayelaza ndege upande mmoja, hiyo pia ni “bank”, hatafungua akaunti.

#8 Binti Makunduchi

Kalamu Nyeusi, kihistoria ni moja, kiakili ni mawili. Msemaji wa leo haoni uhusiano, kwa hiyo kwake ni maneno mawili. Wanaisimu wanagawanyika hapo: wengine hufuata asili, wengine hufuata anavyohisi msemaji. Kamusi ya kihistoria na kamusi ya mwanafunzi zitakupa majibu tofauti, zote zikiwa na hoja.

#9 Gereji ya Pili

Niingie na ya kwenye mashine, maana vitabu vya magari vimejaa hawa.

“Seal” kwenye injini ni sili ya oili. “Seal” kwenye hati ni muhuri au lakiri. “Seal” wa baharini naye tumemwita sili. Kwa Kiingereza mnyama na muhuri ni asili mbili: muhuri ni sigillum ya Kilatini, mnyama ni neno lao la kale. Kwetu sili ya oili na sili wa bahari wamekutana upya.

“Play” ni mfano mzuri zaidi. Kitabu kikiandika “check the wheel bearing for play”, hakuna mchezo wa kuigiza hapo. Ni kule kulegea kwa beringi, na kwa bahati mafundi wetu husema tairi “linacheza”, mkunjo uleule wa maana. Utaratibu: inua gari kwa jeki, liegemeze kwenye stendi, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi. Ukibaki, tazama boljointi na viungo vingine. Mfasiri akiandika “angalia beringi kama inachezwa”, hatua yote imekufa.

Na kuna “o'clock”. Vitabu huelekeza “the bolt at 3 o'clock”, yaani upande wa kulia ukifananisha na uso wa saa. Mfasiri anakumbuka kwamba saa zetu zinapishana kwa sita, anaandika “bolti iliyo saa tisa”. Fundi anatazama tarakimu 9 usoni mwa saa: kushoto! Tofauti ya saa sita ndiyo nusu duara kamili, kwa hiyo kosa hukupeleka upande wa pili hasa. Andika “bolti ya kulia, usawa wa katikati” umalize.

#10 Mchapa Tafsiri

Ahsante Gereji, hiyo ya saa naiweka kwenye daftari. Lakini swali la kwanza bado: kwa nini wafupi ndio wenye maana nyingi?

#11 Mlamba Wino

Mwanaisimu George Kingsley Zipf alilishughulikia 1945. Alionyesha kwamba idadi ya maana za neno hukua kwa takriban kipeuo cha pili cha marudio yake. Neno linalotumika mara 100 zaidi ya jingine hutegemewa kuwa na maana kama mara 10 zaidi. Na neno linalotumika sana huelekea kuwa fupi. Kwa hiyo ufupi, marudio na wingi wa maana ni mafiga matatu ya jiko moja.

Maelezo yake: msemaji anataka maneno machache yafanye kazi zote ili asichoke, msikilizaji anataka kila kitu kiwe na neno lake ili asikosee. Lugha inakaa katikati wanakovutana.

#12 Binti Makunduchi

Mlamba Wino, kanuni hiyo inaonyesha kwamba vitu viwili huenda pamoja. Haisemi kipi kimevuta kipi. Huenda “run” ina maana nyingi kwa sababu inatumika sana. Huenda pia inatumika sana kwa sababu ina maana nyingi. Na kama sababu ni marudio tu, lugha zote zingelingana.

Mimi naona sababu ni kupotea kwa viambishi. Kiingereza cha kale kilikuwa na namna ya kutendesha inayofanana na yetu. Sit na set: keti na ketisha. Lie na lay: lala na laza. Fall na fell, ile ya kukata mti: anguka na angusha. Hayo matatu yamesalia kama magofu. Kwa “run” kulikuwa na irnan, kukimbia, na ærnan, kukimbiza, na sauti zilipochakaa yakamezwa yote na “run”. Ndiyo maana leo farasi “runs” na mwenye duka naye “runs” duka lake. Wa kwanza anakimbia, wa pili anaendesha, na endesha ni enda iliyotendeshwa!

Sisi tunatandaza maana kwenye minyambuliko: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, kimbilika. Wao wamezirundika kwenye neno moja, wakaongeza vihusishi nyuma: run into, run over, run off, run up. Maana ni zilezile, zimehifadhiwa kwenye ghala tofauti.

#13 Kalamu Nyeusi

Nakubali nusu, Binti. Unyambulishaji unaeleza kimbia na kimbiza. Hauelezi kwa nini rangi “runs”, pua “runs”, soksi ya nailoni ikifumuka “runs”, na gazeti “runs” habari. Hizo ni sitiari: chochote kinachotembea mfululizo bila kukatika kimeitwa hivyo, kimoja baada ya kingine, karne kwa karne. Hapo hakuna kiambishi kilichopotea.

Kiingereza pia humruhusu nomino kuwa kitenzi bila kubadili nguo: water the plants, table a motion, chair a meeting. Ukifungua mlango huo, kila nomino huja na mzigo wake.

#14 Mjukuu wa Kolwezi

Jambo, wote. Mmetaja “table”, ila hatari zaidi kwetu tunaosoma Kifaransa na Kiingereza pamoja ni “billion”. Kwa Kifaransa billion ni milioni milioni, 1 yenye sifuri 12. Sifuri 9 ni milliard, na huku Kongo tunasema miliari. Kwa Kimarekani billion ni sifuri 9. Waingereza nao zamani walitumia ya sifuri 12, hadi serikali yao ilipohamia ya Wamarekani 1974. Basi kitabu cha Uingereza cha kabla ya mwaka huo kikiandika “billion”, usiandike bilioni kabla hujatazama hesabu inayozunguka.

#15 Karani wa Korti

“Table” ya mikutano ina mtego wake. Uingereza, na sisi tuliorithi utaratibu wao wa bunge, “to table a bill” ni kuwasilisha muswada ujadiliwe. Marekani ni kinyume: kuuweka kando usijadiliwe. Churchill amesimulia katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili kwamba maofisa wa pande mbili walibishana muda mrefu, tena kwa ukali, kuhusu ku-“table” waraka, kumbe wote walitaka kitu kimoja.

Sheria ndiyo shamba la maneno haya. Tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, kazi ya kuhamisha maandiko imekuwa kubwa, na maneno mepesi ndiyo yanayochelewesha. “Execute a deed” ni kuitia hati saini kwa taratibu zake, “execute a decree” ni kukazia hukumu, “execute a prisoner” ni kunyonga. “Prayers” si sala, ni nafuu anazoomba mdai. “Instrument” ni hati. “Party” ni mdaawa au upande wa mkataba. “Sentence” ni adhabu iliyotolewa. “Sanction” inaweza kuwa kibali au adhabu, na lazima usome aya nzima ndipo ujue.

Halafu kuna “charge”. Mashtaka ni charge. Bei ya huduma ni charge. Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 imelifanya “charge” kuwa jina la rehani ya ardhi. Mkopo ukiisha unapata “discharge of charge”. Asiyejua ataandika “kuachiwa kwa mashtaka”, na mwenye kiwanja atashangaa alishtakiwa lini. Ni hati ya kuondoa rehani.

#16 Nesi wa Zamu

Karani umenifungulia mlango. Hospitalini “discharge” ni la kila saa na lina sura mbili zinazokutana katika faili moja. “Discharged on Monday”: karuhusiwa Jumatatu. “Discharge from the wound”: kidonda kinatoa usaha au majimaji. “Discharge summary” ni muhtasari wa matibabu anaopewa anayeruhusiwa, wala si maelezo ya usaha. Kinga ni kutazama nani anatenda. Mgonjwa akiwa ndiye “is discharged”, ni ruhusa. Neno likifuatwa na “from” na kiungo cha mwili, ni uchafu unaotoka. Likifuatwa na “from” na jina la wodi, ni ruhusa tena. Kwa hiyo “from” peke yake haitoshi, soma hadi nomino inayofuata.

Mengine ya kuangalia: “stool” kwenye fomu ya maabara ni choo kubwa, si kigoda. “Culture” ni kuotesha vimelea vionekane ni vya aina gani. “Labour” ni uchungu wa uzazi, na “delivery” ni kujifungua. “Theatre” kwa Kiingereza cha Uingereza ni chumba cha upasuaji. “Positive” si habari njema: maana yake kilichotafutwa kimeonekana. “Tablet” ni kidonge. Ile ya kuandikia tumeshaipatia jina, kishikwambi, na sensa ya 2022 Tanzania ililisambaza hadi vijijini.

#17 Karani wa Korti

Nesi, ongeza “ward”. Kwako wodi. Kwenye uchaguzi ni kata, Kenya wanasema wadi. Kwangu ni mtoto aliye chini ya mlezi wa kisheria. Wazo moja tu: mahali au mtu anayelindwa.

#18 Msimbo Wazi

Nyie mna bahati mna aya nzima. Sisi tunaotafsiri programu tunapewa neno moja tupu: “Open”. Ni amri, Fungua? Au ni hali, kitu kiko wazi? Na kama ni hali, ni faili liko wazi, akaunti iko wazi, mlango uko wazi, au maombi yako wazi? Kwa Kiingereza neno halibadiliki. Kwetu kiambishi kinadai ngeli, na nomino hatuioni.

Dawa ipo. Katika mafaili ya PO, yale yanayobeba maneno ya programu ya kutafsiriwa, kuna mstari wa msgctxt. Mtengenezaji akiandika muktadha hapo, mathalani kitufe kimoja na hali nyingine, “Open” mbili zinahesabiwa maingizo mawili na kila moja linapata tafsiri yake. Bila msgctxt zinaunganishwa kuwa ingizo moja, na tafsiri moja inamwagika kote. Ukikuta hivyo usibahatishe. Fungua faili la msimbo lililotajwa kwenye mistari ya maoni inayoanza na #: uone neno limeitwa wapi, kisha mwombe mtengenezaji atenganishe.

Makosa yanayojirudia: “free space” kuandikwa nafasi ya bure, badala ya nafasi iliyobaki. “Clear” kuandikwa wazi, kumbe ni amri ya kufuta. “Home” kuandikwa nyumbani, sawa, imeshazoeleka. “All set” kuandikwa seti zote, kumbe maana yake ni tayari. “Set” peke yake kwenye kitufe ni Weka.

#19 Nahodha wa Tanga

Tusiwaone Waingereza peke yao. Piga simu, piga pasi, piga picha, piga kura, piga deki, piga mswaki, piga chafya, piga hodi, piga magoti, piga mbizi, piga kambi, piga chuku, piga soga. Mgeni akituuliza kwa nini tunaipiga nguo, simu na magoti, tutamjibu nini? “Piga” ndiyo “run” yetu.

#20 Binti Makunduchi

Hapana Nahodha, si sawa kabisa. Katika piga pasi maana imebebwa na pasi, na piga ni kitenzi chepesi kinachoifanya nomino itendeke. Ondoa pasi uone kama piga peke yake inanyoosha nguo. Lakini “run” katika “she runs a shop” ina maana yake yenyewe ya kuendesha. Ukiondoa shop ukaweka hotel, school, farm, bado ni kuendesha.

Ukitaka Kiswahili kinachobeba kweli, chukua toa au shika. Toa pesa benki, toa sadaka, toa hukumu, toa namba mbili kwa tano, toa mimba, toa kitabu kipya.

#21 Mlamba Wino

Na mkopo pia huunda vitawe vipya. Laini ya kitambaa ni Kiarabu. Laini ya simu ni “line” ya Kiingereza. Bodi ya wakurugenzi ni “board”, bodi la gari ni “body”. Kinyume chake, tukikopa huwa tunachukua tawi moja tu: nati tumeichukua ya bolti, karanga tukamwachia mwenyewe. Springi tumechukua ya chuma, chemchemi ikabaki chemchemi. Buti tukachukua zote mbili, ya mguuni na ya nyuma ya gari.

“Trunk” ni darasa tosha. Shina la mti, kiwiliwili cha mtu, mkonga wa tembo, tranka la mwanafunzi wa bweni, na kwa Mmarekani buti la gari. Ukikuta “trunk” kwenye kitabu cha Marekani na mtu anaweka mizigo, usilete tranka.

#22 Kalamu Nyeusi

Turudi kwenye 645 maana tunaichukulia kama kipimo cha mvua. Kanzidata ya WordNet ya Chuo Kikuu cha Princeton inaipa “run” ya kitenzi maana 41, na “break” 59. Lugha ileile, neno lilelile: 645 huku, 41 kule. Wanakamusi wapo wa kugawa na wa kujumuisha. Oxford hugawa kwa sababu ni kamusi ya historia, inahifadhi hata maana zilizokufa. “Kuendesha duka” na “kuendesha mkutano” mmoja ataziweka mbili, mwingine moja. Sehemu ya wingi huu imetengenezwa mezani mwa mwanakamusi.

#23 Binti Makunduchi

Hapo siwezi kukufuata hadi mwisho. Punguza hadi 41, bado ni nyingi kuliko kimbia, na ukitafsiri bado utahitaji vitenzi kumi na zaidi. Meza ya mwanakamusi haikuitengeneza pua itokayo makamasi.

#24 Mchapa Tafsiri

Mabingwa, hilo la asili naona litakesha. Nani anipe utaratibu wa kazi? Nina waraka wa kurasa 80 na “charge” imejaa.

#25 Mlamba Wino

Usianze kutafsiri ukurasa wa kwanza. Geuza waraka uwe maandishi matupu, faili la txt. Uingize kwenye AntConc, ni programu ya bure. Tafuta charg* yenye nyota ili upate charge, charges, charged, charging. Kila tokeo litakuja kwenye mstari wake, neno likiwa katikati. Panga kwa neno la kwanza kulia, utaona makundi yakijitenga: charge of, charge for, charged with, charge over. Kisha panga kwa neno la kwanza kushoto: free of charge, in charge, service charge, discharge of charge.

Kila kundi lipe tafsiri moja kwenye jedwali kabla hujagusa aya. Charged with ni shtakiwa kwa. In charge of ni msimamizi. Charge over land ni rehani. Mistari isiyoingia kundi lolote ndiyo ya kusoma kwa aya nzima. Kinachoharibu kazi ni kufanya uamuzi ukurasa wa 3, kuusahau, na kuamua vingine ukurasa wa 60. Mwisho tafuta neno lako la Kiswahili, mfano “mashtaka”, katika tafsiri yote, uhakikishe kila lilipo chanzo chake ni kundi lile.

#26 Karani wa Korti

Nakazia. Na angalia waraka umetoka nchi gani kabla ya yote. “Charge” ya Kenya kwenye ardhi, na “table” ya Marekani, AntConc haitakwambia.

#27 Msimbo Wazi

Wanaotegemea mashine kutafsiri wakumbuke sentensi ya 1960 ya Yehoshua Bar-Hillel, mtafiti wa tafsiri ya mashine: “The box was in the pen.” Mtoto alikuwa akitafuta boksi lake la vitu vya kuchezea. “Pen” pale ni kizimba cha mtoto kuchezea, maana boksi haliingii ndani ya kalamu. Alitumia mfano huo kusema kwamba mashine haiwezi kujua bila kujua ukubwa wa vitu duniani. Mashine za leo hukisia kwa maneno jirani, na kwenye sentensi ndefu hukisia vizuri. Kwenye neno moja la kitufe au la jedwali hakuna jirani.

#28 Gereji ya Pili

Mleta mada ulitaja rangi kuchuja, kwa hiyo kwenye lebo za nguo utakutana na “fast colours”. Hazina haraka yoyote. “Fast” ya mwanzo ilikuwa kushikamana imara, na ndiyo iliyo kwenye “hold fast” na “fast asleep”. Hiyo ya lebo ni rangi isiyochuja. Mbio zilikuja baadaye.

#29 Nesi wa Zamu

Na “fasting blood sugar” je? Hiyo ni sukari inayopimwa mgonjwa akiwa hajala, kwa kawaida angalau saa 8. Ni “fast” ya kufunga kula. Ina uhusiano na hiyo?

#30 Kalamu Nyeusi

Inao, ni mzizi mmoja: kujizuia kwa uimara. Kiswahili kimefika hapohapo kwa njia yake. Funga mlango, funga mzigo, funga Ramadhani.

#31 Fundi Ramani

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Kuna “run” moja hamjaitaja na iko kwenye kila mchoro wa nyumba ya ghorofa: “rise 150, run 300”, kwa milimita. Rise ni kimo cha kipandio cha ngazi. Run ni kina cha pale unapokanyaga. Nimeona mchoro uliotafsiriwa “run” ikaandikwa urefu wa ngazi. Jihakikishieni kwa kanuni ya zamani ya waashi: kimo mara mbili, jumlisha kina, ipatikane kati ya 600 na 640. Hapa 150 mara 2 ni 300, jumlisha 300, ni 600, ngazi inapandika. Ukiweka urefu wa ngazi nzima, mathalani 3,600, hesabu inakataa papo hapo.

Kwa umeme pia kuna “cable run”, njia nzima ya waya kutoka bodi hadi soketi. Mnaiitaje huko kwenu?

#32 Gereji ya Pili

Sisi tunasema njia ya waya tu. Na hiyo bodi yako ni bodi ya tatu sasa, Mlamba Wino aandike.